Hawakulipwa, halafu wao ndio wakakatwa pointi

Swali la msomaji:

«Jambo Papa. Mimi ni kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi. Mpira wa Uingereza naufuata kama wengi. Oktoba 2025 niliiona Sheffield Wednesday ina pointi 6, kesho yake nikaikuta na −6. Wachezaji wale walikuwa wanacheleweshewa mishahara mara kwa mara mwaka ule. Aliyekosa ni mwenye klabu, anayekatwa pointi ni mchezaji. Hiyo ni haki gani? Na klabu ya kwetu ikifilisika hivyo itakuwaje? Nauliza kwa sababu mdogo wangu anacheza kwenye ekipe moja ya mji huu, na huu ni mwezi wa tatu hajaona franka.»

Jibu:

Jambo mwanangu. Hilo la mdogo wako ndilo lililonifanya nikae chini nijibu kwa urefu, maana nimeshika vitabu vya hesabu vya klabu miaka mingi na miezi mitatu bila mshahara naijua inavyofanana. Lakini ninaanzia Sheffield, kwa sababu ukielewa yaliyotokea kule utaona vizuri zaidi yanayotokea hapa.

Siku uliyoiona ilikuwa Ijumaa, tarehe 24 Oktoba 2025. Sheffield Wednesday, klabu iliyoanzishwa mwaka 1867, iliwekwa chini ya wasimamizi. Kwa sheria ya Uingereza, kampuni iliyoshindwa kulipa madeni inaweza kukabidhiwa kwa wataalamu wa ufilisi kutoka nje. Wao ndio wanaoshika funguo na akaunti ya benki. Mwenye klabu anakaa pembeni, na wadai wanazuiwa kuja kubeba mali, huyu kiti, yule basi, wakati mnunuzi anatafutwa. Ni kinga, na kinga hiyo ligi imeiwekea bei: kwenye madaraja matatu yaliyo chini ya Premier League, yanayosimamiwa na ligi iitwayo EFL, ni pointi 12, kwenye Premier League yenyewe ni 9. Wednesday ilikuwa na 6. Toa 12, unabaki na hizo −6 ulizoziona. Tarehe 1 Desemba ikaongezewa adhabu ya pointi 6 nyingine kwa kutolipa watu kwa wakati, jumla 18, na mmiliki wake, Dejphon Chansiri, akafungiwa miaka 3 asimiliki wala kuongoza klabu yoyote ya EFL.

Sasa haki iko wapi? Adhabu ya pointi haikuandikwa ili kumfundisha mchezaji adabu. Iliandikwa kwa ajili ya yule wa upande wa pili, aliyevaa jezi ya rangi nyingine. Chukua ekipe mbili za ligi moja. Prezida wa kwanza kila mwisho wa mwezi anatoa mishahara, anapeleka kodi, anamlipa mwenye basi. Kinachobaki ni kidogo, kwa hiyo mshambuliaji wake ni kijana wa kawaida tu. Prezida wa pili kodi hapeleki, mwenye basi anaambiwa arudi wiki ijayo, na kwa pesa hiyohiyo ananunua mshambuliaji wa mabao 20. Wanakutana, wa pili anashinda 2-0. Pointi 3 zile zimenunuliwa kwa pesa ya nani? Kwa pesa ya serikali na ya mwenye basi. Na yule wa kwanza akishuka daraja kwa pointi 1, ameshushwa na pesa ambayo haikuwa ya mpinzani wake.

Ndiyo maana ligi inakata. Jasho la mchezaji ni jasho lake, hilo sina ubishi nalo, lakini pointi zilivunwa na ekipe ambayo klabu haikuwa na uwezo wa kuiweka uwanjani. Sisi wa Lubumbashi uchungu wa kupoteza mezani tulichokipata uwanjani tunaujua. TP Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika 2009 na 2010, Desemba 2010 ikacheza fainali ya dunia na Inter Milan pale Abu Dhabi, na miezi michache baadaye, mwaka 2011, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikaitoa kwenye Ligi ya Mabingwa kwa ajili ya makaratasi ya mchezaji mmoja, Janvier Besala Bokungu. Wachezaji wengine wote wa ekipe ile walikuwa na kosa gani? Hawakuwa nalo. Lakini Simba ya Dar es Salaam, iliyopeleka malalamiko, nayo ilikuwa na haki yake.

Usidhani pia kwamba Oktoba ile ilianguka kutoka mbinguni. Chansiri aliinunua Wednesday mwaka 2015 kwa pauni milioni 37.5 akitaka kuirudisha Premier League haraka. Daraja la pili walilokuwemo, Championship, lilikuwa na sheria ya hasara: klabu isipoteze zaidi ya pauni milioni 39 ndani ya misimu mitatu. Pesa ilitoka kuliko ilivyoingia, hasara ikakaribia kuvunja mpaka. Kikafanyika kitu ambacho mhasibu yeyote akikisoma anasimamisha kalamu: uwanja wa Hillsborough uliuzwa kwa kampuni ya mmiliki mwenyewe kwa pauni milioni 60 hivi. Uwanja haukusogea hata hatua moja, nyasi ni zilezile, lakini kwenye kitabu ikaandikwa faida kubwa. Kuuza kwenyewe hakukuwa kosa kwa sheria za wakati ule. Kosa lilikuwa kuiingiza faida hiyo kwenye hesabu za mwaka ambao mauzo hayajakamilika. Mwaka 2020 wakakatwa pointi 12, wakakata rufaa, zikapunguzwa hadi 6.

Pointi 6 zinaonekana kidogo. Tarehe 8 Mei 2021, siku ya mwisho ya msimu, Wednesday ilicheza ugenini kwa Derby County, na kila mmoja alikuwa anajinusuru. Ikaisha 3-3. Wednesday ikamaliza na pointi 41, mkiani, ikashuka. Derby ikabaki na 44. Rudisha zile 6 na Wednesday ina 47, inabaki, Derby inashuka.

Na hapo hadithi inageuka, mwanangu. Derby nao walikuwa wameuza uwanja wao wa Pride Park kwa kampuni ya mmiliki wao, Mel Morris, mwaka 2018, kwa zaidi ya pauni milioni 80. Septemba 2021, miezi minne tu baada ya kunusurika, wakawekwa chini ya wasimamizi: pointi 12 zikaondoka. Novemba zikaondoka 9 nyingine kwa namna walivyokuwa wanahesabu vitabuni kushuka kwa thamani ya wachezaji. Jumla 21. Kocha alikuwa Wayne Rooney, na vijana wake walipambana kwelikweli: uwanjani walichuma pointi 55, za kutosha kubaki bila wasiwasi. Kwenye jedwali zikasomeka 34, wakashuka. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi ilikuwa ya Morris, matanga wakakaa Rooney na vijana wake.

Umeona basi kwamba swali lako halijibiki kwa neno moja. Pointi zinalinda klabu nyingine, na hapo ninasimama upande wa ligi bila kusita. Mahali ninapoachana nayo ni kwenye foleni ya madeni. Hiyo haionyeshwi kwenye televisheni, na ndiyo iliyo karibu na nyumbani kwenu.

Klabu ya Uingereza ikifilisika na mnunuzi akapatikana, ligi inamwambia: nafasi ya kucheza kwenye ligi hii ni yangu, siyo ya yule muuzaji, na sikupi mpaka madeni yote ya mpira yalipwe kikamilifu. Madeni ya mpira ni mishahara ya wachezaji na pesa za uhamisho zinazodaiwa na klabu nyingine. Kwa hiyo mchezaji, ambaye wewe unamhurumia, mwisho wa safari mara nyingi anapata chake chote. Tangu Desemba 2020 serikali pia imerudishwa karibu na mbele kwa sehemu kubwa ya kodi zake. Wanaobaki nyuma ni akina nani? Ni mwenye basi, mpishi, muuza maua, fundi wa umeme. Wao ligi inasema angalau wapate senti 25 kwa kila pauni, au 35 zikilipwa ndani ya miaka mitatu. Mnunuzi akishindwa hata hiyo, klabu inakatwa pointi 15 nyingine.

Portsmouth ndiyo iliyofumbua macho ya watu. Mwaka 2008 ilichukua Kombe la FA kwa bao la Kanu wa Nigeria. Februari 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Premier League kuwekwa chini ya wasimamizi, ikakatwa pointi 9, ikashuka, na bado Mei ile ikacheza tena fainali ya Kombe la FA na Chelsea, ikafungwa 1-0. Orodha ya wadai ilipotoka, ndani yake walikuwemo watu wa huduma ya kwanza, wale wa kujitolea wanaokaa pembeni ya uwanja na machela. Fikiria: mchezaji wa mamilioni analipwa chote kwa sababu ni deni la mpira, na aliyembeba mchezaji huyo alipoumia anaambiwa asubiri kwenye foleni ya mwisho. Mamlaka ya kodi iliipeleka sheria hii mahakamani, na mwaka 2012 ikashindwa.

Nikisoma habari za namna hiyo simfikirii Kanu. Namfikiria mama mmoja wa commune Kenya, hapa Lubumbashi.

Klabu siitaji jina, na watu wake wengi bado wako hai. Nilikuwa nashika vitabu vyake. Wachezaji wakiingia kambini, mama huyo ndiye aliyewapikia: bukari, sombe, samaki thomson, na siku ya mechi wali na kuku. Hakuwa na mkataba, alikuwa na daftari la mtoto wa shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Kila sahani aliichora kistari, vinne vimesimama na cha tano kinavikata. Mwisho wa mwezi ananiletea, tunahesabu pamoja, ninaandika kwenye kitabu kikubwa, ninamwambia prezida akitoa pesa nitakuita. Mwanzoni niliita. Halafu prezida akaanza kutoa nusu, halafu robo, halafu akaacha klabu. Ikaja komite mpya. Mama akaja na daftari lake, mbele yangu wakamjibu: «Hilo ni deni la komite ya zamani.» Alikuwa anadai zaidi ya dola 400, na hizo ndizo zilizokuwa mtaji wake na minervali, ada ya shule, ya watoto wake. Alifunga daftari, akalirudisha kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka bila kugombana na mtu.

Kitu ambacho hakijanitoka mpaka leo ni kwamba kwenye kitabu changu, kwenye ule ukurasa wa madeni, wachezaji niliwaandika mmoja mmoja kwa majina. Yeye, dereva wa basi, mwenye duka la dawa na kijana wa kufua jezi niliwaweka wote kwenye mstari mmoja: «madeni mengine». Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kuandika. Komite mpya ilipofungua kitabu, ilikuta mstari, haikukuta mtu.

Hata kule, Uingereza, dola 400 zake zingekuwa 100. Kidogo, lakini mnunuzi ambaye hangezitoa angeiona klabu yake ikikatwa pointi 15.

Rudi kwenye pointi. Kuna wakati zinaangukia mahali pasipouma kabisa. Leeds United, Mei 2007, walikuwa karibu wameshashuka daraja, ikibaki mechi ya mwisho tu. Wakajiweka chini ya wasimamizi siku hizohizo, pointi 10, adhabu ya wakati ule, zikakatwa kutoka kwa ekipe iliyokwisha kufa. Ni sawa na kumtoza faini aliyefunga duka. Ligi ikashtuka, ikabadilisha sheria: sasa ukijiweka chini ya wasimamizi mwishoni mwa Machi au baada ya hapo na ukashuka, pointi zinakusubiri msimu ujao. Leeds wenyewe hawakuponea hapo, kwa sababu walitoka kwenye ufilisi bila makubaliano na wadai na wakaanza msimu uliofuata na −15. Wakamaliza na 76, nafasi ya tano. Bila adhabu wangekuwa na 91 na kupanda moja kwa moja.

Na kuna wakati zinaangukia mahali ambapo mimi, nikiwa mtu wa hesabu, siwezi kuzitetea. Wigan, mwaka 2020. Klabu ilibadilisha mmiliki, na wiki chache tu baadaye, tarehe 1 Julai, mmiliki huyo mpya akaiweka chini ya wasimamizi. Wachezaji wakaendelea kucheza wakijua pointi 12 zinakuja. Tarehe 14 Julai waliifunga Hull 8-0. Walichuma pointi 59, za kukaa katikati ya jedwali. Zikawa 47, wakashuka. Rufaa yao kwamba jambo hili lilikuwa nje ya uwezo wao ilikataliwa. Hapo aliyekosa ni aliyemruhusu mtu yule kununua klabu, na mlango ule ulilindwa na ligi yenyewe.

Bury ni kilio kingine. Klabu ya 1885, iliyochukua Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903. Desemba 2018 iliuzwa kwa pauni 1. Uwanjani walikuwa wazuri, wakapanda daraja Aprili 2019. Agosti ile ligi ikataka uthibitisho wa pesa, ikasogeza tarehe, ikasogeza tena. Tarehe 27 Agosti 2019, siku ya mwisho, mashabiki walikwenda uwanja wa Gigg Lane na mifagio na ndoo wakaanza kusafisha viti, kwa sababu walisikia kuna mnunuzi na wakataka mechi ijayo ikute uwanja safi. Usiku ule Bury ikafukuzwa kwenye ligi.

Wafaransa wanafuata njia nyingine, na mimi ndiyo ninayoipenda. Wana tume inaitwa DNCG, inayokagua vitabu vya klabu kabla msimu haujaanza. Pesa haipo, dhamana haipo, unashushwa daraja kabla hujaingia uwanjani na kuchukua pointi za mtu. Bordeaux, bingwa wa Ufaransa mara 6, ilianza msimu wa 2024 kwenye daraja la nne baada ya hesabu zake kukataliwa na mnunuzi kujitoa. Inauma, hasa kwetu tuliokua tukisikia mechi zake redioni. Lakini tazama Lyon. Juni 2025 tume iliamua ishuke daraja la pili. Ndani ya siku kumi na tano hivi uongozi ukabadilishwa, dhamana ya pesa ikaletwa, na tarehe 9 Julai rufaa ikakubaliwa, Lyon ikabaki. Adhabu ilimbana mwenye pesa wakati pesa bado ilikuwa inaweza kuletwa. Pointi za Uingereza zinakuja baada ya mama wa daftari kuwa ameshafunga mfuko wake. Waingereza nao wameanza kuliona: Julai 2025 walipitisha sheria inayounda msimamizi huru wa mpira, mwenye kazi ya kutoa leseni na kuchunguza wamiliki.

Sasa kwetu.

Klabu ya Lubumbashi ikianguka hutaona tangazo la wasimamizi wala −12 kwenye jedwali. Klabu zetu nyingi ni ASBL, jumuiya zisizo za faida chini ya sheria ya 2001. Hazina hisa za kununua. Zinasimama juu ya mfuko wa prezida, na prezida mara nyingi ni mfanyabiashara au mwanasiasa. Shaba ikipanda bei, kuna pesa. Biashara yake ikiyumba au upepo wa siasa ukigeuka, anaandika barua ya kujiuzulu, na siku hiyo ndiyo siku ya kufilisika, hata kama hakuna hakimu aliyeitamka. Kuanzia hapo ni kifo cha polepole. Mazoezi mara mbili kwa wiki badala ya tano. Kambi inafutwa, wachezaji wanakuja uwanjani kila mmoja akitoka kwao, wengine hawajala. Safari ya ndege kwenda Kinshasa haina tiketi, ekipe haifiki, inaandikiwa 3-0. Pointi zinakatwa na umaskini wenyewe, bila mtu kutia saini. Na ekipe za Goma na Bukavu tusizihesabu humu, kwa sababu kilichozivuruga mwaka 2025 ni vita, na hakuna hesabu nzuri ya kuzuia vita.

Lile jibu alilopewa mama, «deni la komite ya zamani», ni uongo kisheria. ASBL yenye utu wa kisheria inadaiwa yenyewe. Komite zinakuja na kuondoka, deni linabaki pale. FIFA nayo inalikataa: klabu ikibadilisha jina au karatasi lakini ikabaki na rangi, uwanja, wachezaji na mashabiki walewale, inaitwa mrithi wa kimichezo na inabeba deni la iliyotangulia. Tangu 2012 Kongo iko pia ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, ambayo ina taratibu za kisheria za kumnusuru mdaiwa aliyeelemewa kabla hajafa. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kuzigongea mlango.

Adhabu inayofika kwetu kwa nguvu ni ya FIFA, na hapa sikiliza vizuri kwa ajili ya mdogo wako. Klabu ikishindwa kulipa deni lililoamuliwa na FIFA, inazuiwa kusajili mchezaji mpya hadi vipindi vitatu vya usajili mfululizo, mpaka ilipe. Ikiendelea na ukaidi, FIFA inaweza kuagiza ikatwe pointi au ishushwe. Ni rungu la kweli. Lakini mlango wa FIFA katika ugomvi wa mshahara unamfungukia mchezaji wa nchi nyingine. Mji wetu umezoea wageni: Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu wa Zambia, Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu wa Tanzania, wote walivaa jezi ya Mazembe. Mzambia asipolipwa na klabu ya Kongo, anaweza kuipeleka FIFA, na klabu inaogopa. Mtoto wa Katuba asipolipwa na klabu ya Lubumbashi, huo ni ugomvi wa ndani ya nchi, unaishia kwenye ligi, FECOFA, yaani shirikisho letu la mpira, na mahakama zetu. Kwa hiyo pesa kidogo ikipatikana, prezida anamlipa mgeni kwanza ili usajili usifungwe, na mwenyeji anaambiwa «wewe ni wa hapa, unaelewa hali». Nimeliona hilo mezani kwangu zaidi ya mara moja, na ni dhuluma kwa mtoto wa nyumbani.

Mdogo wako afanye hivi. Kwanza atafute mkataba wake. Kama nakala iko kwa katibu wa klabu peke yake, aiombe sasa, wakati bado wanasalimiana vizuri. Kama hakuna mkataba wa maandishi, akusanye kila kinachoonyesha kwamba anachezea pale na kwa mshahara gani: leseni yake, karatasi za wachezaji wa mechi, ujumbe wa simu wa kiongozi unaotaja mshahara, na ripoti za pesa zilizoingia kwa M-Pesa au Airtel Money. Mishahara ya klabu zetu mara nyingi inatoka mkononi na jina linatiwa saini kwenye karatasi moja ndefu. Karatasi ile ikipotea, miezi aliyolipwa na asiyolipwa inakuwa neno lake dhidi ya neno la mweka hazina. Simu yake isiuzwe wala kufutwa.

Asisusie mazoezi. Vijana wengi wanajimalizia haki yao hapo. Akikaa nyumbani wiki mbili kwa hasira, klabu inaandika kwamba ameacha kazi, na deni linageuka kesi dhidi yake. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akidai mishahara ya miezi miwili na zaidi, anaiandikia klabu, anaipa siku 15 ilipe deni lote, na ikishindwa ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Kanuni hiyo imetungwa kulinda mikataba ya mpira, na hata katika kesi ya ndani ndiyo njia iliyonyooka zaidi ya kuanzia: barua kwanza, siku kwanza, halafu ndiyo hatua. Siku hizo zikipita, achukue nakala ya barua aende FECOFA, na asiiache pia ofisi ya serikali ya ukaguzi wa kazi, Inspection du Travail, kwa sababu mchezaji mwenye mshahara ni mfanyakazi mbele ya sheria ya kazi ya 2002. Huko hawamuulizi amefunga mabao mangapi.

Kama klabu yake inataka kucheza mashindano ya Afrika, ana kitu kingine mkononi. CAF inatoa leseni ya klabu, na miongoni mwa masharti yake ni hesabu za fedha. Katibu anayejaza fomu zile hapendi barua ya madai yenye tarehe na saini ya mapokezi ikae kwenye faili.

Barua yenyewe isiwe ndefu wala ya matusi. Aandike jina lake na namba ya leseni, miezi mitatu kwa majina yake, kiasi cha kila mwezi, jumla, na siku 15 kuanzia tarehe ya kupokelewa. Nakala mbili. Moja inabaki kwa katibu, ya pili anarudi nayo ikiwa na muhuri na saini. Wakikataa kupiga muhuri, aende na mtu mzima wa kushuhudia, au aitume kwa njia inayoacha alama ya tarehe.

Na akiwa pale ofisini, kama yuko mama anayewapikia, amuulize naye anadai kiasi gani. Amsaidie kuandika yake, kwa jina lake, kwenye karatasi yake mwenyewe.